Gazeti, Picha na Insha: Mwanafunzi mbele ya Habari katika Historia ya Kiswahili

Husemwa mara kwa mara katika mikutano ya walimu kwamba kutumia gazeti darasani ni njia mpya ya kufundisha. Mwalimu hukata habari au picha, huibandika ukutani, huwaacha wanafunzi waijadili, kisha huwapa kazi ya kuandika. Na yote haya hudhaniwa kuwa yametoka katika vitabu vya ualimu vya siku hizi. Kwa upande wa lugha ya Kiswahili usemi huo unageuza mambo juu chini. Gazeti la Kiswahili halikuingizwa darasani, lilizaliwa darasani. Magazeti yake ya mwanzo yalitengenezwa katika vyuo na shule, na waandishi wake wengi walikuwa wanafunzi na watu waliotoka shuleni karibuni. Lililobadilika katika muda wa miaka mia moja na zaidi ni kazi aliyopewa mwanafunzi mbele ya habari. Je, aliambiwa aipokee, aiige, aipeleke, au aiulize?

Mwanzo unaofaa kutazamwa ni Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, ambako misheni ya UMCA ilikuwa na chuo cha vijana. Wengi wa vijana hao walikuwa wametekwa utotoni na kuuzwa, kisha wakaokolewa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikisaka majahazi ya watumwa. Mwaka 1887 A. C. Madan, ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa kamusi zake, alitoa London kitabu kilichoitwa Kiungani. Ndani yake mna masimulizi ya vijana wenyewe: kijiji walikotoka, siku ya kutekwa, njia ya kwenda pwani, mikono waliyopitia. Hapana shaka kwamba hizi ni miongoni mwa insha za kale kabisa za wanafunzi wa Afrika ya Mashariki. Lakini zilichapishwa kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya Madan, zisomwe na wafadhili wa misheni huko Uingereza. Mwanafunzi alikuwa ameulizwa swali la kweli, nalo ni "Umeona nini?", akalijibu kwa ukamilifu, ila jibu lilikwenda mbali naye, wala wenzake hawakupewa nafasi ya kulisoma na kubishana naye.

Mwaka uliofuata, 1888, palianzishwa Kiungani gazeti la Msimulizi, na hapo mambo yakawa mengine. Habari zake nyingi zilitoka kwa vijana wa chuo na kwa walimu Waafrika waliokuwa wamepelekwa Bonde, Masasi na pande za Nyasa. Humo mna habari za safari, za wagonjwa na waliofariki, za majengo, hata za michezo ya mpira. Mtu anaweza kuzidharau kwa kuwa ni habari ndogo ndogo. Mtaalamu wa lugha hana ruhusa ya kuzidharau. Kijana aliyezoea kusimulia ngano alikuwa na mtindo wake tayari: hapo kale, paliondokea mtu, akaenda, akafika, akaona. Kiambishi -ka- kilimbeba kutoka tendo hata tendo, wala hakuna aliyemwuliza tarehe. Mwandishi wa Msimulizi alilazimika kutaja siku, mahali na jina la mtu, naye alijua kwamba wasomaji wake wengine walikuwapo siku hiyo na wangeweza kumsahihisha. Yamkini hapo ndipo nathari ya Kiswahili iliyochapwa ilipojifunza kuogopa kusema uongo. Gazeti jingine la misheni hiyo hiyo, Habari za Mwezi, lilitokea Magila katika miaka ya 1890 likafuata njia ile ile.

Shule ya serikali ya Wajerumani huko Tanga ilikuwa na shabaha nyingine. Serikali ilitaka makarani, makalani wa forodha, maakida na walimu, yaani watu wa kuandika barua na kutunza hesabu. (Neno "shule" lenyewe limetoka kwa Wajerumani hao, Unguja, ambako hawakutawala, watu wameshika "skuli" ya Kiingereza hata leo.) Shule ya Tanga ilikuwa na mitambo yake ya kupigia chapa, na wanafunzi walifundishwa kazi hiyo. Mwaka 1904 likaanza Kiongozi, gazeti la kila mwezi lililoendelea hadi vita vikuu vya kwanza vilipolikatiza. Vijana waliohitimu Tanga na kutawanyika katika koloni walipeleka habari kutoka vituo vyao: mvua, nzige, bei za vitu, kuja kwa bwana mkubwa, kupita kwa reli, na wengine walipeleka mashairi. Kwa njia hiyo mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili shuleni aliandika habari yake, akaiona katika chapa pamoja na jina lake, akajua kwamba itasomwa Lindi na Bukoba.

Hata hivyo gazeti lililotengenezwa na shule ya serikali kwa mitambo ya serikali lilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulionekana mapema. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilizuka, vikaendelea hadi 1907. Haikuwezekana karani kijana aulize katika kurasa za Kiongozi ni kwa nini watu wa kusini walichoka na pamba ya kulazimishwa na kodi. Anayetaka kusikia vita hivyo katika Kiswahili kisichokuwa cha karani wa serikali inampasa atafute kwingineko, kwa mfano katika utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliutoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Mshairi alikuwa na uhuru ambao mwandishi wa habari wa shule hakuwa nao. Pwani na Bara la Walutheri na Rafiki Yangu la Wakatoliki, yote mawili yaliyoanza 1910, hayakubadili sana jambo hilo.

Waingereza waliposhika Tanganyika waliiendeleza desturi waliyoikuta. Mnamo Januari 1923 Idara ya Elimu, Dar es Salaam, ilitoa toleo la kwanza la Mambo Leo. Inafaa kusisitiza kwamba mwenyewe alikuwa Idara ya Elimu, kwa maana jambo hili laeleza mengi. Mambo Leo lilikuwa gazeti na kitabu cha kusomea kwa wakati mmoja. Katika shule nyingi za vijijini, ambako vitabu vya Kiswahili vilihesabika kwa vidole, toleo la mwezi ndilo lililopasha darasa maneno mapya na tahajia mpya. Na baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, kurasa hizo zilikuwa shule ya usanifishaji kuliko sarufi yoyote. Wasomaji walipeleka habari za wilaya zao, masimulizi ya kabila zao, barua na mashairi. Shaaban Robert naye alipeleka mashairi yake huko kabla hajajulikana kwa vitabu.

Mambo Leo ndilo pia lililowazoesha wasomaji wengi wa Kiswahili kuona picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Zamani neno "sanamu" lilitosha kwa kila mfano wa mtu, uwe wa kuchongwa au wa kuchorwa. "Picha" iliyotoka Kiingereza ilikuja ikatwaa nafasi ya ile ya karatasi, ikaiachia "sanamu" ile ya mti na jiwe. Mgawanyo huo ulikuwa na maana, kwa sababu picha ya kamera ilikuja na dai ambalo mchoro haukuwa nalo, yaani kwamba jambo hili limetokea. Magazeti ya serikali yalipenda kuonyesha watawala katika ziara, majengo mapya, mifugo iliyoshinda katika maonyesho, na wanafunzi waliopangwa safu safu. Chini ya kila picha yalikuwapo maneno ya kumwambia msomaji anachokitazama. Kwa hiyo picha haikumpa mwanafunzi swali. Ilimthibitishia jibu alilokwisha kupewa.

Mazoezi ya kuandika yalikwenda sambamba na hayo. Insha ya shule ilikuwa na kichwa kilichotolewa na mwalimu, kama vile faida za ng'ombe, safari ya gari la moshi, au usafi wa nyumba, na sifa yake kubwa ilikuwa usahihi. Si haki kuwalaumu walimu kwa hilo. Mtihani ndio uliokuwa bwana wao. Wala kuiga si jambo baya katika kujifunza lugha: Shaaban Robert mwenyewe aliuita mkusanyo wake wa 1954 Kielezo cha Insha, na kielezo maana yake ni kitu cha kufuatwa. Lakini kijana aliyeandika vizuri juu ya faida za ng'ombe, hali ng'ombe wa baba yake wamepunguzwa kwa amri ya serikali, alikuwa amefundishwa kwamba kuna mambo ya insha na kuna mambo ya kweli.

Mambo ya kweli yalijadiliwa nje ya shule. Katika miaka ya 1950 gazeti moja lilipita mikono mingi. Mmoja alisoma kwa sauti barazani au kwenye duka la chai, wengine wakasikiliza, wakakatiza, wakauliza, wakabisha. Yalipotokea magazeti ya Mwafrika mwaka 1957 na Ngurumo mwaka 1959, mabaraza hayo yakawa madarasa makubwa kuliko shule zote. Serikali ililijua jambo hilo vyema, ndiyo sababu wahariri wa Mwafrika walishtakiwa kwa uchochezi, wakafungwa. Ajabu yake ni kwamba njia ambayo vitabu vya ualimu huisifu sasa, yaani kusoma, kujadili na kupinga kwa hoja, ilikuwa ikitumika kila jioni na watu ambao hawakuwa na mwalimu.

Baada ya uhuru suala lilirudi shuleni kwa mlango wa siasa. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaja akili ya kudadisi kuwa miongoni mwa mambo ambayo elimu haina budi kuyajenga. Agizo lilikuwa wazi. Njia ya kulitimiza haikuwa wazi kiasi hicho, na katika shule nyingi mada za insha zilibadilika kuliko swali lake. Faida za ng'ombe ziligeuka faida za ujamaa.

Njia yenyewe ilitafutwa zaidi katika elimu ya watu wazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam Mbrazili Paulo Freire, aliyekuwa amefukuzwa kwao na utawala wa kijeshi ulioshika nchi mwaka 1964. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kaskazini-mashariki ya Brazil, alikuwa amewafundisha kusoma vibarua na wakulima wapatao 300. Hakuanza na herufi, alianza na picha. Mchoraji Francisco Brennand alimchorea picha za maisha ya pale: mtu na kisima, mwindaji mwenye upinde, mwindaji mwenye bunduki, na paka awindaye panya. Picha hizo hazikuwa na maneno chini yake. Mwalimu aliuliza tu: yupi kati ya hawa ni mwindaji, na kwa nini paka si mwindaji kama wale wawili? Wanakijiji waliojiita wajinga walizungumza juu ya tofauti ya mtu na mnyama. Herufi zikafuata baadaye, zikawa na kitu cha kusema.

Tanzania ilikuwa na jaribio lake la kufanana na hilo. Kuanzia 1968, kwa msaada wa UNESCO na UNDP, mikoa ya Ziwa ilikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa uliokuwa na makao yake Mwanza. Vitabu vyake vilitungwa kwa kazi za watu: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Mwaka 1974 likaanza huko gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wale waliokwisha kujua kusoma wakawa hatarini kusahau kwa kukosa cha kusoma. Mkulima aliyejifunza herufi akiwa na miaka hamsini aliweza kulipelekea barua. Hapa mtindo wa Msimulizi ulirudi bila kutajwa: habari ndogo, mahali panapojulikana, na mwandishi ambaye jirani zake wangeweza kumsahihisha.

Yapo maneno ya kusema juu ya sarufi ya jambo hili, nayo yanahusu gazeti la leo. Maelezo ya picha katika magazeti ya Kiswahili karibu yote yana umbo moja: jina na cheo cha mtu, neno "kushoto" au "kulia" katika mabano, kisha kitenzi chenye -ki-, yaani akikabidhi, akisalimiana, akikagua. Kisarufi hiyo si sentensi kamili. Kiambishi -ki- hungoja kitenzi kikuu, nacho hakiji. Waziri akikabidhi madawati, ikawaje? Madawati mangapi? Watoto walikuwa wakikaa wapi kabla ya siku hiyo? Gazeti limeuacha mlango wazi bila kukusudia.

Mwalimu akiyafunika maneno hayo kwa karatasi na kuonyesha picha peke yake, sentensi za wanafunzi hujipanga kwa namna inayofaa kuchunguzwa. Kwanza huja zile za yanayoonekana, kwa -na- na -me-: anacheka, amevaa, wamesimama. Baada ya kitambo huja za -li-, kwa maana kuna jambo lililotangulia ambalo picha haikulionyesha, na hapo ndipo mabishano huanza. Mwisho huja huenda, labda na inasemekana. Mpito kutoka "amesimama" hadi "inasemekana" ni mpito kutoka kwa kilichoonwa hadi kwa kilichosikiwa, na daftari la mwanafunzi huonyesha mahali hasa alipouvuka. Penye "inasemekana" mwalimu huweka alama ndogo pembeni, si ya kosa, na kuuliza ni nani aliyesema.