Tianeptini: dawa ya kulevya yenye lebo ya kirutubisho

Tianeptini ni dawa ya mfadhaiko iliyovumbuliwa Ufaransa miaka ya 1960, ambako hutolewa kwa agizo la daktari pekee. Nchini Marekani haijawahi kuidhinishwa kwa matibabu yoyote. Hata hivyo, imekuwa ikiuzwa huko katika vituo vya mafuta kama kirutubisho, kwa majina kama Zaza, Tianaa na Neptune's Fix. Ndipo ikabandikwa jina la "heroini ya kituo cha mafuta".

Jina hilo si mzaha. Ikifika ubongoni, tianeptini hushika vipokezi vile vile vinavyoshikwa na mofini. Kipimo cha daktari ni miligramu 12.5 mara tatu kwa siku. Wanaoinunua kiholela humeza mamia ya miligramu, hata maelfu, kwani mwili huizoea upesi. Anayejaribu kuiacha huandamwa na jasho, kuhara, maumivu na kukosa usingizi. La kusikitisha ni kwamba baadhi yao walitaka kujinasua kutoka kwa uraibu wa dawa nyingine. Wametoka shimoni wakaingia kisimani.

Mwanya umo katika neno "kirutubisho". Chini ya sheria ya Marekani ya 1994, mtengenezaji wa virutubisho hahitaji kibali kabla ya kuuza. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, inashikilia kwamba tianeptini haistahili kuitwa kirutubisho, lakini mara nyingi onyo hutolewa bidhaa ikiwa tayari imeenea.

Kati ya 2000 na 2013, vituo vya Marekani vya kushughulikia sumu vilipokea visa 11 tu vya tianeptini. Mwaka wa 2020 pekee vilikuwa 151. Katika jimbo la New Jersey, watu 17 waliugua kati ya Juni na Novemba 2023 baada ya kutumia bidhaa hizo, wengi wao Neptune's Fix. 13 walilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Baadhi ya chupa zilizopimwa zilikutwa na kemikali za bangi bandia. Neptune's Fix iliondolewa sokoni Januari 2024.

Vipimo vya kawaida vya mkojo haviigundui tianeptini, hivyo daktari asipoambiwa mgonjwa alikunywa nini, huenda asiishuku. Pumzi zikidhoofika, naloksoni, dawa inayotumiwa kuwaokoa waliozidisha heroini, yaweza kusaidia.

Michigan lilikuwa jimbo la kwanza kuidhibiti, mwaka wa 2018. Alabama lilifuata 2021.