Kamusi ya Kiingereza na Kiurdu iliandikwa kwa ajili ya nani?

Mwaka 1782 John Gilchrist, daktari wa upasuaji kutoka Edinburgh, alishuka Bombay kuitumikia Kampuni ya Mashariki ya India. Haukupita muda akaona kwamba bila lugha ya wenyeji, ambayo Waingereza waliiita Kihindustani na ndiyo msingi wa Kiurdu, hataelewana na askari. Akaomba likizo, akaenda Faizabad, akafuga ndevu na kuvaa kama wenyeji. Alipowauliza wasomi wa huko kamusi yao iko wapi, walishangaa. Tangu lini mtu akajifunza lugha ya mama yake kwa kamusi? Basi akaanza na silabi tupu: a, ab, abab. Akawataka wamtajie kila maana wanayoijua, naye akaandika. Kamusi yake ya Kiingereza na Kihindustani ilichapishwa vipande vipande kuanzia 1786 hadi 1790.

Kazi ile naiheshimu, ila haikumlenga mwenye lugha. Ilimsaidia Mwingereza kuamuru, kuhukumu na kutoza kodi. Ndiyo maana chuo cha Fort William kilipofunguliwa Calcutta mwaka 1800 kuwafunza maofisa vijana wa Kampuni, Gilchrist alipewa uprofesa. S. W. Fallon, ambaye kamusi yake ilitoka 1879, alithubutu kukusanya misemo ya wanawake na nyimbo za watu wa kawaida. John Platts akafuata mwaka 1884. Hao nao walikuwa wakimfasiria Mwingereza Kiurdu. Mtu wa Delhi au Lucknow aliyekwama kwenye neno la Kiingereza si yeye waliyemfikiria.

Mitaani watu hawakungoja kamusi. Hospitali waliiita aspatal, na stesheni ikawa isteshan. Taabu ilikuwa madarasani.

Hapo ndipo Hyderabad inapostahili sifa kubwa. Mwaka 1918 mtawala wake, Nizam Osman Ali Khan, alianzisha Chuo Kikuu cha Osmania, kikafundisha kwa Kiurdu, udaktari ukiwemo. Ofisi ya tafsiri ilikuwa imeundwa mwaka mmoja kabla ili kuandaa vitabu, na kila somo lilidai istilahi zake. Wapo waliotaka kuchota Kiarabu na Kiajemi tu. Wahiduddin Salim alisisitiza kwamba mizizi na viambishi vya Kihindi vitumike pia, na naona hakukosea, kwa kuwa mwanafunzi hukumbuka zaidi neno analolisikia nyumbani. Hata hivyo Kiarabu kilipata nafasi pana: kipimajoto kikaitwa miqyas-ul-hararat, na msomaji wa Kiswahili ataitambua harara humo ndani.

Maulvi Abdul Haq, aliyeiongoza ofisi hiyo mwanzoni, alitoa kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiurdu mwaka 1937 kupitia chama cha Anjuman Taraqqi-e-Urdu. Safari hii aliyefikiriwa ni msomaji wa Kiurdu mwenyewe, na watu humwita Abdul Haq Baba wa Kiurdu hadi leo.

Baada ya India kuichukua Hyderabad mwaka 1948, Osmania iliacha kufundisha kwa Kiurdu. Huko Pakistan, katiba ya 1973 iliipa serikali miaka 15 kukifanya Kiurdu lugha ya kazi za dola. Miaka ikapita bila agizo hilo kutekelezwa, hata Mahakama ya Juu ikalazimika kuikumbusha serikali mwaka 2015. Istilahi zilikuwa zimeshatungwa na kamusi zipo rafuni; kilichopungua ni nia ya wakubwa.