Vijana Wanne Mbele ya Mtihani wa Hesabu

Kila mwaka katika parokia zetu misa huombwa kwa ajili ya vijana wanaojitayarisha kwa mitihani. Nyumba nzima hutulia. Mama hubana mafuta ya taa ili yabaki ya kusomea. Baba huuza mbuzi apate karo. Halafu majibu hutoka. Aliyeshinda hupokewa kwa vigelegele. Aliyeanguka hurudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na kabla jua halijachwa majirani wamekwisha kumpa jina: mjinga.

Katika mitihani yote, ule unaoogopwa zaidi ni mtihani wa hesabu kwa wale wanaotaka kuingia universite. Watu husema hesabu haina huruma. Tumeona vema kuiuliza historia maswali mawili: mtihani huu hupima nini, na ni kitu gani hauwezi kukipima? Kwa kujibu tutawatazama vijana wanne wa zamani, watatu Wafaransa na mmoja Mbelgiji, waliosimama mbele ya mlango huo.

Mlango ulivyojengwa

Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi, serikali ya Ufaransa ilifungua chuo kipya katika Paris. Mwaka uliofuata kikapewa jina la École polytechnique. Nchi ilihitaji watu wa kujenga madaraja, barabara na ngome. Kabla ya hapo, kijana aliyetaka cheo cha injinia wa jeshi aliulizwa kwanza juu ya ukoo wake: je, baba yako ni mtu wa heshima? Sasa aliulizwa juu ya hesabu. Mwana wa mkulima na mwana wa bwana mkubwa walisimama mbele ya ubao mmoja, wakashika chaki ileile. Basi tusisahau jambo hili: mtihani ulipozaliwa, ulikuja kama haki kwa wasio na jina.

Mtihani huo ulifanywa kwa mdomo. Mtahini aliuliza habari za aritmetiki, aljebra na jometri, naye kijana alijibu huku akiandika. Jibu sahihi peke yake halikutosha, ilimpasa aonyeshe na sababu.

Tutoe mfano ambao kila msomaji aweza kuujaribu kwa maharagwe juu ya meza. Jumlisha namba witiri kwa kufuatana: 1 na 3 ni 4, ongeza 5, ni 9, ongeza 7, ni 16, ongeza 9, ni 25. Kila mara unapata mraba: 2 mara 2, 3 mara 3, 4 mara 4, 5 mara 5. Kijana asiyetayarishwa husema, «Nimeona ni hivyo.» Mtahini humwuliza, «Umeona mara nne. Je, itakuwa hivyo hata mara ya elfu? Kwa nini?» Aliyetayarishwa hupanga maharagwe yake katika mraba. Ili mraba ukue hatua moja, huongeza safu moja upande wa kuume, safu moja upande wa chini, na punje moja ya kujaza pembe. Safu mbili zilizo sawa na punje moja juu yake, hiyo daima ni namba witiri. Na kila hatua yadai witiri inayofuata. Kwa hiyo jambo hili halina mwisho. Huko ndiko kujitayarisha: kutoka katika «nimeona» na kufika katika «ndiyo sababu». Hakuna awezaye kukariri njia hiyo kwa usiku mmoja.

Wa kwanza: Cauchy, mwana wa Kilatini

Augustin-Louis Cauchy alizaliwa Paris mwaka 1789. Baba yake alijuana na Lagrange, mtaalamu mkubwa wa hesabu wa siku zile. Lagrange aliona akili ya mtoto, akampa baba shauri la ajabu: asimwingize katika vitabu vya hesabu mapema, bali amsomeshe kwanza vizuri lugha na maandiko. Baba alitii. Kijana akasoma Kilatini na Kigiriki, akapata zawadi za shule. Ndipo alipogeukia hesabu kwa nguvu zake zote. Mwaka 1805, akiwa na miaka 16, alifanya mtihani wa École polytechnique. Watu 293 walijaribu. Yeye akawa wa pili.

Wengine katika nchi yetu hufikiri kwamba aliyesoma Kilatini katika seminari ndogo amepoteza wakati kama anataka kuwa injinia. Cauchy atujibu. Anayejifunza kuchambua sentensi ya Kilatini, na kutafuta kila neno linatawaliwa na neno gani, anajifunza pia uvumilivu wa kufuata sababu moja mpaka nyingine. Lakini tusidanganyane: Kilatini peke yake hakikumfikisha. Alikaa na hesabu yenyewe kwa bidii kabla ya kusimama mbele ya ubao. Akili iliyolimwa vizuri bado yangoja kupandwa mbegu.

Baadaye Cauchy akawa mmoja wa wataalamu wakuu wa hesabu duniani, na Mkatoliki mwenye bidii aliyesaidia maskini katika Shirika la Mtakatifu Visenti wa Paulo. Alifariki mwaka 1857.

Wa pili: Galois, aliyeanguka mara mbili

Évariste Galois alizaliwa mwaka 1811 katika Bourg-la-Reine, karibu na Paris. Baba yake alikuwa meya wa mji huo. Alisoma katika shule mashuhuri ya Louis-le-Grand, na alipofika miaka 15 hesabu ikamteka kabisa. Aliacha masomo mengine, akasoma vitabu vya mabingwa. Mwaka 1828 alijaribu mtihani wa École polytechnique bila kupita katika darasa la matayarisho. Akaanguka.

Ndipo alipoingia katika darasa la mwalimu Louis-Paul-Émile Richard. Huyu alitambua mara moja kwamba kijana huyu hana mfano. Aliandika kwamba amewapita wanafunzi wenzake wote, na kwamba hafanyi kazi ila katika sehemu za juu za hesabu. Maneno hayo ni sifa, na ndani yake mna onyo. Mwaka 1829, Galois alikwisha chapisha makala katika gazeti la wataalamu. Lakini mnamo mwezi wa Julai mwaka uleule baba yake, aliyechafuliwa jina kwa fitina za mjini, alijiua. Siku chache baadaye mwana alisimama mbele ya watahini mara ya pili. Akaanguka tena, na mlango ukafungwa.

Husimuliwa kwamba alimtupia mtahini kitambaa cha kufutia ubao. Hiyo ni hadithi iliyoenea baadaye, wala tusijenge juu yake. Wengi walioandika habari zake huona kwamba aliruka hatua: yaliyokuwa wazi kwake hakuyaeleza, na mtahini hakuona njia aliyopita. Tukumbuke pia kwamba alikuwa amemzika baba yake juzi tu.

Akaingia chuo cha walimu, akafukuzwa. Akajitupa katika siasa, akafungwa gerezani. Mwezi wa Mei mwaka 1832 alipigwa risasi katika mapigano ya watu wawili, akafa kesho yake. Hakutimiza miaka 21. Mwaka 1846 mtaalamu Liouville alichapisha maandishi yake, na tangu hapo hesabu haikubaki kama ilivyokuwa. Hata leo, wanafunzi wa universite husoma elimu inayoitwa kwa jina la kijana ambaye universite ya namna hiyo ilimkataa mara mbili.

Wa tatu: Hermite, aliyekuwa wa 68

Mwalimu Richard hakumsahau Galois. Alizitunza karatasi zake za shule. Miaka michache baadaye akapata mwanafunzi mwingine wa namna ileile, Charles Hermite, aliyezaliwa mwaka 1822, mwenye kilema cha mguu wa kuume. Richard ndiye aliyempa Hermite karatasi zile za Galois azihifadhi. Tazameni, wasomaji, kazi ya mwalimu mmoja ambaye yeye mwenyewe hakuandika vitabu vikubwa: alilinda moto wa mmoja, akaupitisha kwa mwingine.

Hermite naye alipenda kusoma mabingwa kuliko kujizoeza maswali ya mtihani. Mwaka 1842 alifanya mtihani, akaingia akiwa wa 68. Kisha, baada ya mwaka mmoja, chuo kikakataa kumwacha aendelee kwa sababu ya mguu wake. Mtu angeweza kusema, huyu amekwisha. Lakini mwaka 1848 alirudi katika chuo kilekile, na kazi aliyopewa ilikuwa pamoja na kuwatahini vijana wanaotaka kuingia! Yule wa 68 akashika kiti cha mpimaji. Mwaka 1856 aliugua sana ugonjwa wa ndui. Wakati huo Cauchy, yule mwana wa Kilatini, alimsaidia kurudi katika imani ya Kikatoliki, naye akaishika mpaka kufa kwake mwaka 1901.

Wa nne: Lemaître, padri wa Louvain

Sasa tuje karibu na historia yetu. Katika Ubelgiji pia, kijana aliyetaka masomo ya injinia katika universite alipimwa kwanza kwa mtihani wa hesabu. Georges Lemaître alizaliwa Charleroi mwaka 1894, akasoma kwa Mapadri Wayezuiti. Tangu utoto alitaka kuwa padri, na tena alitaka kuwa mtu wa sayansi. Baba yake alimshauri asiharakishe. Mwaka 1910 jamaa yake walihamia Brussels, naye akaingia Koleji ya Saint-Michel, akatumia mwaka mzima katika darasa la hesabu linalotayarisha vijana kwa mtihani wa mainjinia. Mwaka 1911 akaingia Louvain.

Lakini hakuwa injinia. Mwaka 1914 vita vikaja, akapigana kama askari. Vita vilipokwisha, aliacha uinjinia akachukua hesabu na fizikia, akapata udaktari mwaka 1920. Mwaka huohuo akaingia seminari, na mwaka 1923 Kardinali Mercier akampa upadri. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akaeleza wazo lake kwamba ulianza kama atomi moja ya kwanza. Alifariki mwaka 1966, akiwa amekwisha kusikia kwamba wataalamu wa Marekani wamegundua mnururisho unaotoka katika nyakati za kwanza za ulimwengu. Mtihani ulimfungulia mlango wa uinjinia. Mungu akampitisha humo kwenda mahali pengine. Hata hivyo ule mwaka wa matayarisho haukupotea. Alichojifunza kwa ajili ya mtihani kilimtumikia miaka 50 baada ya mtihani kusahauliwa.

Na sisi?

Jina Lovanium ni jina la Louvain kwa Kilatini. Universite ya jina hilo ilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima karibu na Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1956, ikafuata ile ya Elisabethville, leo Lubumbashi. Kabla ya hapo, kwa Mkongo aliyetaka masomo ya juu, njia kubwa ilikuwa seminari kuu, yaani filosofia na teolojia. Shule za sekondari zenye hesabu ya kutosha zilikuwa chache. Kwa sababu hiyo Lovanium iliweka mwaka wa matayarisho kabla ya masomo yenyewe. Walioweka mwaka huo walijua ukweli mmoja: kijana aliyekosa mwalimu hakukosa akili. Tangu mwaka 1967 nchi yetu ina Mtihani wa Serikali mwishoni mwa sekondari, na hakuna jamaa isiyoujua uzito wake.

Basi mtihani hupima nini? Hupima kama leo kijana yuko tayari kwa masomo ya kesho. Ni kipimo cha haki, na tusikiharibu kwa hongo wala kwa kunakili, maana anayenunua majibu anamnyang'anya mwana wa maskini chaki aliyopewa. Lakini mtihani haupimi thamani ya mtu. Kopo la kupimia unga halijui mahindi yaliyo bado shambani.

Enyi vijana, msidharau hatua ndogo. Andikeni kila sababu, hata ile iliyo wazi kwenu, ili mwingine aone njia mliyopita. Enyi walimu, mkumbukeni Richard, mtunze karatasi za wanafunzi wenu. Na ninyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani ameanguka, mfungulieni mlango wa mbele. Mwekeeni chakula kwanza. Kesho yake, taratibu, kaeni naye mtazame pamoja ni hatua gani aliyoiruka. Galois alisimama mbele ya ubao akiwa na msiba moyoni, wala baba hakuwapo wa kumngoja nyumbani. Katika parokia zetu asiwepo kijana atakayebaki peke yake hivyo.