Dar hadi Unguja kwa Ndege: Kilomita 73 Zilizozishinda Injini

Kati ya Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, na kile cha Abeid Amani Karume, Unguja, kuna kilomita 73 hivi. Abiria wa leo hukaa angani dakika 15 hadi 20. Babu yake, kama alikuwa na uwezo wa kupanda ndege, hakukaa muda mrefu sana zaidi ya huo.

Safari hizi zina umri mkubwa. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, na katika miaka ya 1930 ndege zake zilibeba barua na abiria kuifuata pwani: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, kampuni ikafa. Januari 1, 1946, East African Airways, iliyomilikiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilianza kazi kwa ndege sita aina ya de Havilland Dominie. Zilikuwa za mbao na kitambaa, zenye mabawa ya ghorofa, zikienda kama kilomita 210 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 73 ni dakika 21.

Shirika hilo lilisambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania ikaunda Air Tanzania. Precision Air ikafuata mwaka 1993. Leo njia hii ina Cessna Caravan za injini moja, ambazo abiria wake hupimwa uzito pamoja na mabegi yao na mmoja huweza kupangiwa kiti cha pembeni ya rubani. Zipo pia pangaboi kubwa aina ya Q400, zenye uwezo wa kupita kilomita 600 kwa saa.

Kwa nini basi dakika hazijapungua? Q400 ikienda kwa kasi yake yote ingevuka kwa dakika saba. Lakini haipati nafasi hiyo: ikimaliza kupanda tu, rubani anaanza kuishusha.

Kisha kuna upepo. Ndege hutua ikiukabili. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini na kusini, hivyo msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, ndege inayotoka Dar, upande wa kusini, huingia moja kwa moja. Kusi ikivuma, huenda ikalazimika kuupita uwanja, igeuke, ndipo itue. Pepo zilizoendesha majahazi ya wazee wetu bado zina sauti katika ratiba.

Muda mwingi wa msafiri huishia ardhini: foleni ya Barabara ya Nyerere, ukaguzi, kusubiri kuitwa. Ndiyo maana boti za mwendo kasi, zinazovuka kwa saa mbili hivi kutoka katikati ya jiji hadi bandari ya Malindi, zinaweza kushindana na ndege bila aibu.

Historia ya njia hii inatoa hukumu iliyo wazi. Kwa safari fupi kama hii, kununua ndege yenye kasi zaidi hakumfikishi mtu mapema. Wenye mamlaka wakitaka kuifupisha, waanze na barabara na foleni za ukaguzi. Nawe msafiri, unapochagua kati ya boti na ndege, hesabu muda tangu unapofunga mlango wa nyumba yako.