Jembe la Mwanakijiji na Amri ya Wilaya: Habari za Milima ya Uluguru

Manung'uniko ya watu wa mashamba juu ya mtaro usiozibuliwa, daraja la magogo lililooza na mlima unaomomonyoka masika hata masika, aghalabu huchukuliwa kuwa ni mambo ya leo, kana kwamba yalizaliwa pamoja na diwani aliyechaguliwa juzi na mtendaji aliyehamishiwa jana; lakini mwenye kuifuatia tarikhi ya utawala wa wilaya katika Tanganyika ataona kwamba umri wake umekaribia karne nzima, na kwamba asili yake ni moja: wenye amri walimtaka mwanakijiji atoe jasho na ushuru kwa ajili ya kuitunza nchi, wala hawakumtaka atoe shauri. Ushahidi wa jambo hilo ni mwingi, ila mimi nitautafuta katika milima ya Uluguru, kwa kuwa huko ugomvi wa udongo baina ya raia na serikali ulifika hata kumwaga damu.

Milima hiyo imesimama nyuma ya mji wa Morogoro, na katika misitu ya vilele vyake huanza vijito vinavyokusanyika kuwa mto Ruvu, ambao maji yake ndiyo tegemeo kubwa la jiji la Dar es Salaam. Waluguru hufuata nasaba ya upande wa mama, na ardhi yao ilikuwa amana ya ukoo: mkuu wa ukoo ndiye aliyegawa mashamba, ndiye aliyeamua migogoro ya mipaka. Kule Kinole alikaa Kingalu, aliyeheshimiwa kwa sifa ya kuita mvua, lakini heshima hiyo haikuwa ufalme, kwa maana hapakuwa na mtu mmoja aliyeutawala mlima mzima. Utunzaji wa udongo ulikuwa shughuli ya wenye shamba wenyewe, wakijua vema wapi mteremko huvumilia jembe na wapi hauvumilii, na wapi shamba lapasa kuachwa lipumzike.

Wadachi waliuleta utawala wa maakida na majumbe, na tangu 1897 wakaanza kutoza kodi ya nyumba. Hayo nayapita upesi, maana utaratibu tunaoufahamu leo, wa wilaya yenye hazina yake, baraza lake na sheria zake ndogo, uliwekwa na Waingereza. Mwaka 1926, katika ugavana wa Sir Donald Cameron, ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji, ambayo ilikusudia raia watawaliwe kwa mikono ya wakubwa wao wa jadi. Uluguru haukuwa na mkubwa mmoja wa jadi, basi ikabidi kufanywa Masultani, wakapewa hazina, mahakama na matarishi. Kwa mkono mmoja Sultani alikusanya kodi, kwa mkono wa pili akaamuru watu watengeneze barabara na wasichome moto milimani. Na kwa kuwa mshahara wake ulitoka serikalini, macho yake yalielekea bomani zaidi kuliko vijijini. Hapo ndipo ninapoiona asili ya tatizo: chombo kilichoitwa cha wenyeji kiliwajibika kwa mtu asiye mwenyeji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mabwana shamba wa serikali waliingiwa na khofu kubwa juu ya mmomonyoko wa udongo, na insafu yatulazimu tukiri kwamba khofu hiyo ilikuwa na haki. Watu walikuwa wameongezeka, muda wa kulipumzisha shamba ulikuwa umepungua, na mito ilikuwa ikishuka na tope. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaletwa mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao kiini chake kilikuwa kila mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi kuukata mteremko. Na aliyekataa alipelekwa mbele ya mahakama ya wenyeji akatozwa faini. Mabwana shamba waliyapima matuta kwa kamba, wakayahesabu, wakapeleka hesabu juu. Lakini hesabu ya mavuno hawakuitazama kwa bidii iyo hiyo.

Raia waliitazama. Udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za milima hiyo ni tabaka jembamba tu, na kulichimba tuta la ngazi ni kulizika tabaka hilo chini na kuutoa juu udongo usiootesha; kwa hiyo mwanamke aliyetumia siku zake kuchimba, siku ambazo angepalilia mahindi yake, aliona mahindi ya kwenye tuta yamedumaa kuliko yale ya mteremko wa kale. Alisema, na jirani zake wakasema, wala hakupatikana wa kulipokea neno lao, kwa kuwa Sultani alikuwa ameamriwa asimamie, na aliyemwamuru alikuwa ameamriwa vilevile. Katika Julai 1955, kule Matombo, umati wa watu waliochoka ulikabiliana na Sultani na maofisa wa serikali. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo shuruti ya matuta ikaachwa, na mengi yakaporomoka kwa kukosa mtu wa kuyatengeneza. Yafaa nitaje, kwa wale wasemao kwamba mkulima wa mlimani hapendi kazi, kuwa upande wa Mgeta, ambako mboga za kumwagilia huuzwa mjini na tuta hurudisha fedha ya mwenye kulichimba, matuta yapo na hutunzwa bila ya askari.

Uhuru ulipopatikana, madaraka ya machifu yakafutwa mwanzoni mwa 1963, na halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa zikabeba shule za msingi, zahanati na barabara ndogo. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko mfuko. Mwaka 1969 kodi kuu ya halmashauri ilifutwa, na mwaka 1972, kwa siasa iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri zenyewe zikavunjwa, kazi zake zikatiwa mikononi mwa maofisa wa mkoa na wilaya. Kwa jina, madaraka yalikuwa yameshuka kwa wananchi; kwa hakika, ofisa alishuka kutoka Dar es Salaam na diwani akarudi nyumbani. Mitaro ikajaa, barabara za vijijini zikaota nyasi, mijini taka zikalundikana, na kipindupindu kilichozuka mwishoni mwa 1977 kikaonyesha mahali pa aibu. Mabaraza ya miji yakarudishwa 1978. Ya wilaya yakangoja sheria ya 1982, yakaanza kazi upya 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye aliyeyavunja, alikiri hadharani kwamba kuyavunja kulikuwa kosa, naye namhesabia ukiri huo katika fadhila zake.

Lakini kilichorudi hakikuwa na nguvu. Kodi ya maendeleo iliyokusanywa kwa kukimbizana na watu vichakani ilifutwa 2003, na raia walifurahi, nami sioni sababu ya kuitamani. Ila tangu siku hiyo halmashauri imezidi kuitegemea ruzuku ya juu, na mwenye kutegemea ruzuku humtumikia mwenye kuitoa. Barabara za vijijini zilikabidhiwa wakala wa serikali kuu mwaka 2017, na maji ya vijijini wakala mwingine mwaka 2019. Huenda mafundi wa wakala ni hodari kuliko wa wilaya, sikatai. Lakini diwani anaposimama mbele ya watu waliokatikiwa na barabara, hana la kujibu isipokuwa kwamba ameandika barua, na wale waliopelekewa barua hawakuchaguliwa na yeyote katika kijiji kile.

Katiba yetu, katika ibara ya 146, yasema makusudi ya kuwapo serikali za mitaa ni kuwafikishia wananchi madaraka, na sheria ya mazingira ya 2004 imekipa kijiji kamati yake ya kuyatunza mazingira. Kwa hiyo amri ya kuulinda mlima imekwisha kushuka hadi kijijini. Fedha haikushuka pamoja nayo. Mkazi wa Uluguru ameambiwa asilime kando ya kijito, asikate mti, asichome moto, ili jiji la mbali lipate maji safi, na haya ni maagizo ya haki. Lakini haki haikamiliki mpaka sehemu ya malipo ya maji yanayouzwa Dar es Salaam irudi kule yanakoanzia, ikanunue miche, ikazibue mitaro, ikamlipe mtu wa kuyatengeneza matuta kwa namna ambayo wenye shamba wenyewe wamekubali.

Basi nawe msomaji ukaaye shamba, sheria imeagiza mkutano mkuu wa kijiji chako uitishwe kila miezi mitatu. Nenda. Usingoje mpaka masika iishe ndipo ulalamike njiani. Dai usomewe mapato na matumizi, uliza fungu la mtaro na la daraja limekwenda wapi, na jibu litakalotolewa liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.