Ndege Iliyoanguka Rufiji

Leo tutasoma habari za ndege moja ya vita.

Maji ya mto Kilombero yanayopita hapa kwetu Kivukoni, Ifakara, huenda kukutana na mto Luwegu. Hapo ndipo mto Rufiji huanza, ukateremka mpaka baharini, karibu na kisiwa cha Mafia. Mdomoni mwake mto hugawanyika mara nyingi, na kila upande ni mikoko.

Mwezi wa Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Kisha ikajificha Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, maana maji ni haba.

Mwaka 1915 Waingereza walileta manowari mbili ndogo, Severn na Mersey. Hizi ziliweza kuingia mtoni, lakini wapiga mizinga hawakumwona adui kwa sababu ya miti. Basi lazima mtu awaangalilie kutoka juu.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Rubani wa kwanza, Cutler, aliiona Königsberg mwaka 1914, lakini mwezi wa Desemba alishuka mtoni akatekwa. Ndege zilizofuata zilishindwa kupaa vizuri kwa ajili ya joto. Baadaye zikaja ndege aina ya Farman, zenye mabawa ya kitambaa, zikakaa Mafia.

Tarehe 6 Julai, 1915, Waingereza walipiga wakashindwa. Tarehe 11 walirudi. Katika Farman moja walikuwamo rubani Cull na mwenzake Arnold. Kazi ya Arnold ilikuwa kutazama kila kombora linapoanguka, na kupeleka habari kwa simu ya upepo: limepita, halikufika, limepata.

Makombora yalipoanza kuipata Königsberg, nayo iliipiga ndege, injini ikaharibika. Ndege ikaanza kushuka. Arnold hakuacha kazi. Huku wakishuka, aliwaarifu wapigaji kwamba makombora yanapiga sehemu ya mbele ya manowari, ili wasogeze shabaha. Ndege ikaanguka mtoni ikapinduka. Cull alinaswa majini, lakini wote wawili waliokolewa na mashua ya Mersey.

Ndege ilipotea, na siku ile ile Königsberg iliangamia. Je, vita vikaisha? La. Wajerumani waliopoa mizinga yake 10, wakaitumia nchi kavu. Vita viliingia bara. Mwaka 1917 Wabelgiji waliteka Mahenge, jirani zetu. Waliobeba mizigo ya majeshi yote walikuwa Waafrika, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi. Majina ya Cull na Arnold yameandikwa vitabuni. Ya wapagazi walio wengi hayakuandikwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini wapiga mizinga walihitaji ndege?
2. Arnold alifanya nini ndege ilipokuwa ikishuka?
3. Je, wazee wenu waliwaeleza nini juu ya wapagazi? Andikeni majina mnayoyajua.