Mikono Iliyobaki Wodini

Jengo la Cliff pale hospitali ya Bombo, walilolijenga Wajerumani kando ya bahari, limepigwa picha na kuandikwa sana. Wauguzi waliohudumu humo hawakuandikwa. Mimi ni nesi mstaafu, naishi Nguvumali, na nimepita wodi kadhaa za mkoa huu wa Tanga. Nataka kijulikane kilichotufanya tusiiache kazi.

Mshahara haukuwa sababu. Miaka ya 1980 shilingi ilianguka, tukakaanga maandazi na kufuga kuku ili watoto wale. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kuwachangisha wagonjwa. Ajira mpya nazo zikasimamishwa. Aliyestaafu aliacha pengo. Zamu ya usiku, nesi mmoja na mhudumu walibeba wodi nzima.

Tena UKIMWI ulikuwa umeshaingia. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure mwaka 2004. Miaka 21 hiyo ndiyo iliyotupima. Ndugu wengine waliogopa kumgusa mtu wao. Dawa ya kumponya mgonjwa hatukuwa nayo, ikabaki kazi ya mikono: kumwogesha, kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo, kumnywesha uji kijiko kwa kijiko, kumwita kwa jina lake. Alikufa, lakini alikufa msafi, ngozi yake nzima. Asubuhi, mwenzako anayepokea zamu alifunua shuka, akaona, akasema, "Ahsante dada, umefanya kazi." Maneno hayo yalitoka kwa mtu anayeijua kazi yenyewe, na kwangu yalizidi barua yoyote ya pongezi.

Husemwa kwamba manesi wa zamani walikuwa na wito na wa leo hawana. Sikubali hata kidogo. Sisi tulikuwa na matroni aliyepita kitanda kwa kitanda, akikaripia na kusifu palepale. Tulikuwa na manesi wakubwa wa daraja la A waliotushika mkono leba mpaka tukaacha kutetemeka. Wito wetu ulilelewa. Kijana anayepangiwa zahanati peke yake, hana nyumba, hana mkubwa wa kumwelekeza, ananyimwa malezi hayo, kisha analaumiwa.

Kama kwenu kuna picha, kofia au cheti cha ukunga cha bibi aliyekuwa nesi, msivitupe. Vipelekeni Urithi, makumbusho ya pale boma la Wajerumani mjini Tanga, na jina lake liandikwe.